Kuotea Kwenye Barafu: Maneno ya Hoki kwa Asiyejua na Anayeona Haya Kuuliza

Mwaka jana tulikwenda Nairobi kwenye mdahalo wa wanafunzi wa vyuo. Siku ya mwisho tulibaki na nusu siku kabla ya basi la kurudi Dar, na mwenyeji wetu akasema anatupeleka kuona barafu. Tulicheka. Lakini kweli, ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005. Nje jua linawaka na malori yanapiga honi, ndani wewe umevaa sweta la kuazima unatetemeka. Vijana wa Kenya walikuwa kwenye mazoezi ya hoki. Wanateleza, wanageuka ghafla, magongo yanagongana.

Kila baada ya muda mfupi mtu anapiga kelele, "Aisingi!" na mchezo unasimama. Kaka mmoja aliyesimama nasi kwenye ukuta wa pembeni akaanza kunieleza kwa nini wamesimama. Alipomaliza akaniuliza, "Umeshika lakini?"

"Nimeshika," nikamjibu.

Sikuwa nimeshika chochote. Na lile neno "nimeshika" lilinichoma, kwa sababu nimeshawahi kulisema hivyo hivyo na likanigharimu. Nikiwa mwaka wa kwanza niliugua malaria wiki ya mitihani. Jamaa wa mwaka wa tatu akaniambia, "Omba speshali, usije ukala keri bure." Nikaitikia kwa kichwa. Sikujua speshali ni nini, sikujua inaombwa mapema na cheti cha daktari, na niliona haya kuuliza mbele ya watu ambao wote walionekana kujua. Nilipokuja kuelewa, muda wa kuomba ulikuwa umepita. Somo lile nililibeba hadi mwaka wa pili, likagongana kwenye ratiba na somo jingine, na nusura nidisko. Sikufeli somo. Nilifeli neno moja.

Kwa hiyo pale kwenye barafu nilimgeukia yule kaka nikamwambia ukweli: "Samahani, kaka, nimekudanganya. Sijaelewa. Anza upya." Akacheka, akaanza upya. Makala hii imetokana na aliyonieleza siku ile, na mengine niliyoyasoma na kuyatazama kwenye simu tangu wakati huo. Nimegundua kwamba maneno ya hoki si magumu hata kidogo. Mengi tunayo tayari kwenye soka. Yaliyobaki yanahitaji mtu mmoja tu wa kukuambia.

Mchezo ulianzia wapi

Kuteleza na kupiga kitu kwa fimbo juu ya mito iliyoganda ni jambo la zamani katika nchi za baridi. Lakini hoki ya barafu iliyopangwa, ya ndani ya jengo na yenye idadi maalumu ya wachezaji, kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe 3 Machi 1875, mjini Montreal, Kanada. Walicheza watu tisa kila upande, na baadhi yao walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill. Miaka miwili baadaye McGill ilikuwa na klabu yake. Yaani, wanachuo wenzangu, mchezo huu tangu utoto wake ulikuwa na mikono ya watu kama sisi, wenye mitihani ya kusoma na wasioisoma.

Usidhani pia kwamba watu weusi wameuvamia juzi. Mwaka 1895 huko Halifax, Nova Scotia, Wakanada weusi walianzisha ligi yao wenyewe, ikiwa na mizizi kwenye makanisa ya Kibaptisti. Tarehe 18 Januari 1958, Willie O'Ree alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza kwenye NHL, ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, akiwa na timu ya Boston Bruins. Jicho lake la kulia lilikuwa halioni, na aliificha siri hiyo ili asizuiwe kucheza.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, timu ya Kenya inaitwa Ice Lions. Mwaka 2018 baadhi ya wachezaji wake walisafirishwa hadi Kanada, na huko Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wakubwa wa NHL, walivaa jezi na kucheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Shikilia jina la Crosby, tutamrudia mwishoni.

Uwanja, paki na shifti

Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 60 hivi na upana wa kati ya mita 26 na 30. Wa Nairobi ni mdogo kuliko huo. Pembeni kuna ukuta mfupi unaozunguka pande zote, na juu yake kioo. Ukuta ni sehemu ya mchezo: unaweza kuupiga kitu kikakurudia kama pasi. Hakuna mpira wa kurusha.

Kitu chenyewe kinachopigwa kinaitwa paki. Si mpira wa duara. Ni kisahani cha mpira mgumu, kipana sentimita 7.6, kinene sentimita 2.5, chenye uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Kabla ya mechi hugandishwa kwenye friji ili kisirukeruke. Mkwaju wa mkali wa NHL unaweza kukipeleka kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Fikiria kitu hicho kinakujia usoni, halafu fikiria kwamba hadi mwaka 1959 karibu makipa wote wa NHL walidaka bila kinyago. Tarehe 1 Novemba mwaka huo, Jacques Plante wa Montreal Canadiens alipigwa na paki usoni, akaenda kushonwa, akarudi uwanjani akiwa amevaa kinyago. Leo kipa asiye na kinyago ataonekana amepungukiwa akili.

Kila timu ina watu sita kwenye barafu: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu, yaani wa kati na mawinga wawili. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila mchezo unaposimama. Hakuna kupoteza muda kwa kujiangusha na kushika goti.

Sasa neno la kwanza la kujifunza: shifti. Ni neno lile lile la mlinzi wa getini na nesi wa zamu ya usiku, ila shifti ya hoki ni ya sekunde 40 au 50 tu. Mchezaji anakimbia kwa nguvu zake zote, kisha anarukia benchi na mwenzake anaruka kuingia, huku mchezo ukiendelea. Mtu akikuambia "wamebadilisha laini", ana maana washambuliaji watatu wametoka kwa pamoja na wengine watatu wameingia. Ukizidisha watu uwanjani wakati wa kubadilishana, ni adhabu. Ukikaa muda mrefu kwa sababu unataka sifa, unachoka, na mpinzani aliyetoka benchi sasa hivi atakupita kama umesimama kituoni.

Mistari: kuotea na aisingi

Kuna mstari mwekundu katikati ya uwanja na mistari miwili ya bluu, mmoja kila upande. Mistari ya bluu inaugawa uwanja katika kanda tatu: yako, ya katikati, na ya mpinzani. Ukiielewa mistari hii umeelewa nusu ya filimbi zote.

Kuotea unakujua kutoka kwenye soka, na wazo ni lile lile: usitangulie ukamsubiri mwenzako akuletee. Tofauti ni kwamba kwenye soka unapimwa na beki, wakati kwenye hoki unapimwa na mstari. Sheria ni moja: paki lazima ivuke mstari wa bluu wa mpinzani kabla ya mshambuliaji yeyote. Miguu yako yote miwili ikishavuka na paki bado iko nyuma, umeotea. Ndiyo maana utawaona washambuliaji wanafika kwenye mstari wa bluu wanafunga breki, wanatambaa pembeni mwa mstari kama mtu anayesubiri kuvuka Barabara ya Morogoro, wakingoja mwenye paki apite kwanza. Paki ikishaingia, wako huru. Ikitoka nje ya mstari hata kidogo, wote inabidi watoke nao kabla haijarudishwa ndani.

Sasa aisingi, lile neno lililonisimamisha pale Nairobi. Kwenye soka beki akibanwa anabutua. Mpira unakwenda mbele huko, popote, watu wanapumua. Watangazaji wetu wanasema "ameondosha hatari". Hoki imekataa tabia hiyo. Ukiwa upande wako wa mstari mwekundu wa katikati, ukabutua paki ikapita uwanja mzima hadi nyuma ya mstari wa goli la mpinzani bila mtu kuigusa, hiyo ni aisingi. Mchezo unasimama, na unaanzishwa upya karibu na goli lako wewe uliyebutua.

Lakini adhabu yenyewe imejificha hapa, na yule kaka alinishika bega aliponieleza: timu iliyobutua hairuhusiwi kubadilisha wachezaji. Watu wale wale watano waliochoka, ambao walibutua kwa sababu walichoka, wanabaki. Mpinzani anaruhusiwa kuleta watu wapya. Kwa maneno mengine, umetupa mzigo mbali, umerudishiwa miguuni, na huna pumzi. Nilipolielewa hilo nilifikiria kazi za vikundi chuoni, jamaa anavyotupa sehemu yake kwenye grupu la WhatsApp saa sita usiku, haijasomwa wala kuhaririwa, halafu anazima simu. Hoki ingemrudisha pale pale, akiwa macho.

Kuanzisha mchezo kunaitwa feisofu. Mwamuzi anasimama kati ya wachezaji wawili walioinama, magongo chini, anaidondosha paki, na kila mmoja anajaribu kuivutia kwa wenzake. Inachukua sekunde moja. Timu yenye mtu hodari wa feisofu inaanza na paki mara nyingi zaidi, na usipoiangalia sekunde hiyo hutaelewa kwa nini upande mmoja unashambulia kila wakati.

Penalti: kesi ya mmoja, hasara ya wote

Hapa shabiki wa soka anapotea, kwa hiyo twende polepole. Penalti ya hoki kwa kawaida si mkwaju. Ni kifungo. Mchezaji aliyefanya madhambi anatolewa na kwenda kukaa kwenye boksi, kizimba kidogo pembeni mwa uwanja, kwa muda maalumu. Timu yake inacheza pungufu hadi atoke.

Penalti ndogo ni dakika mbili. Madhambi yake mengi tunayo majina yake: kupiga ngwala, kumvuta mtu kwa ncha ya gongo iliyopinda, kumchapa gongo mikononi, kumshika, kumzuia mtu asiye na paki. Ukiinua gongo likampata mtu usoni ni dakika mbili, na kwenye NHL likimtoa damu zinakuwa nne. Penalti kubwa ni dakika tano. Kuna pia ya dakika kumi kwa utovu wa nidhamu, ambapo wewe unakaa lakini mwenzako anaingia badala yako, na kuna kufukuzwa kabisa.

Timu yenye watu wengi wakati mwenzake yuko pungufu inasemekana iko kwenye pawaplei. Ni watano kwa wanne, na wanaizungusha paki taratibu wakitafuta upenyo. Timu pungufu kazi yake ni "kuua penalti", yaani kuufanya ule muda uishe bila kufungwa. Na angalia uungwana wa sheria: timu pungufu inaruhusiwa kubutua bila kuitiwa aisingi. Ikitokea timu pungufu ikafunga, hilo ni goli la upungufu, na uwanja mzima huinuka.

Penalti ndogo huisha timu ya pawaplei ikifunga, hata kama dakika mbili hazijatimia. Haikuwa hivyo zamani. Novemba 1955, Jean Béliveau wa Montreal alifunga mara tatu ndani ya sekunde 44 kwenye pawaplei moja dhidi ya Boston. Msimu uliofuata NHL ikabadilisha sheria: goli moja, mfungwa anatoka. Penalti kubwa haina huruma hiyo. Utakaa dakika tano zote hata wenzako wakifungwa matatu.

Kilichonikaa kichwani ni ile sura ya mtu aliyekaa kwenye boksi. Hafanyi kitu. Anatazama kupitia kioo wenzake wanne wakijitupa mbele ya paki kwa ajili ya kosa lake. Kadi ya njano kwenye soka unaichukua, unaitikisia kichwa, unaendelea. Hapa deni lako linalipwa na wengine mbele ya macho yako, na saa kubwa juu inahesabu.

Cheki na ngumi

Cheki ni kumgonga kwa mwili mchezaji mwenye paki ili aiachie. Inaruhusiwa, lakini kwa masharti: umgonge mwenye paki tu, kwa bega au nyonga, si kichwani, si kwa mgongoni, na usimbamize kwenye ukuta kwa namna ya hatari. Kwenye hoki ya wanawake ya kimataifa, cheki za nguvu za namna hii kwa kawaida ni madhambi.

Halafu kuna ngumi. Kila mtu asiyejua hoki anaijua kwa ngumi. Kwenye NHL wakipigana watu wawili, kila mmoja hupewa dakika tano na mchezo unaendelea. Kwenye Olimpiki na mashindano ya kimataifa, kupigana ni kutolewa mchezoni. Kwa miaka mingi timu za NHL ziliajiri watu ambao kazi yao hasa ilikuwa kupigana, kulinda nyota wasiguswe. Waliitwa enfosa.

Nilitaka kuandika sehemu hii kwa kuchekesha, nikashindwa baada ya kusoma habari za Derek Boogaard. Alikuwa enfosa, mrefu zaidi ya mita mbili, mashabiki walimpenda. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 28, kwa dawa za maumivu zilizochanganyika na pombe. Watafiti wa Boston University walipochunguza ubongo wake walikuta ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Kwa hiyo neno enfosa ulijue, lakini ulijue pamoja na bei yake. Siku hizi watu wa kazi hiyo wamepungua sana.

Chenga, tobo na mikwaju

Sehemu hii ni rahisi kwa Mswahili. Kumdanganya mpinzani kwa gongo na bega ni chenga, haihitaji jina lingine. Ukiwapita mabeki wote ukabaki wewe na kipa ana kwa ana, Wakanada wanaita brekiwei. Ukiwa hapo ukachezewa madhambi kutoka nyuma, unaweza kupewa mkwaju wa penalti, na huo ndio unaofanana na tunaoujua: wewe peke yako, paki, na kipa.

Mkwaju wa kuinua gongo juu na kulishusha kwa kishindo unaitwa slapshoti. Una nguvu lakini unachukua muda kuuandaa. Mkwaju wa kifundo, ambao paki inasukumwa na kuachiwa kwa mkono bila kuinua gongo, una kasi ndogo lakini kipa haoni unakuja saa ngapi.

Goli lina upana wa mita 1.83 na urefu wa mita 1.22 tu, na kipa amevaa magodoro mwili mzima. Unapita wapi? Makocha wameyapa matundu namba: kona mbili za juu, kona mbili za chini, na la tano ni katikati ya miguu ya kipa. Kwa hiyo ukisikia mtangazaji anataja "tundu la tano", usihangaike. Ni tobo. Kipa kapigwa tobo. Mtoto yeyote aliyecheza chandimu mtaani anajua aibu yake.

Pasi ya goli na hesabu zake

Kwenye soka tunamtaja mtu mmoja aliyetoa pasi ya goli. Kwenye hoki wanaweza kuandikwa wawili: aliyetoa pasi ya mwisho na aliyetoa ile ya kabla yake. Goli ni pointi moja na pasi ya goli ni pointi moja, thamani sawa. Wayne Gretzky alimaliza maisha yake ya NHL akiwa na magoli 894 na pasi za goli 1,963. Maana yake, ukimfutia magoli yote asiwe amefunga hata moja, bado hakuna mchezaji mwingine katika historia ya ligi ile aliyefikisha pointi zake. Nimerudia hesabu hiyo mara mbili nikidhani nimekosea.

Hatriki ni magoli matatu ya mtu mmoja, kama kwetu, ila mashabiki huvua kofia zao na kuzirusha kwenye barafu. Na kuna hesabu inayoitwa plasi-minasi: timu yako ikifunga wewe ukiwa uwanjani, unapata jumlisha moja, ikifungwa ukiwepo, toa moja. Magoli ya pawaplei hayakujumlishii. Hesabu hii humfichua mfungaji hodari anayesahau kurudi kukaba.

La mwisho: kumtoa kipa. Timu ikiwa nyuma kwa goli moja na dakika mbili zimebaki, kocha anamwita kipa benchi na kuingiza mshambuliaji wa sita. Goli linabaki tupu. Mpinzani akiinasa paki anaweza kufunga kutoka kwenye kanda yake mwenyewe. Mara ya kwanza kuona nilidhani kipa ameumia.

Muda wa nyongeza, na goli moja la kupimia

Mechi za kawaida za NHL zikiisha sare, wanacheza dakika tano za nyongeza, watatu kwa watatu, na anayefunga kwanza ameshinda. Zikiisha bila goli, ni mikwaju. Lakini kwenye mtoano hakuna mikwaju. Mnacheza vipindi vya dakika 20 hadi mtu afunge. Machi 1936, Detroit Red Wings na Montreal Maroons walihitaji vipindi sita vya nyongeza. Goli pekee la mechi lilipatikana baada ya dakika 176 na nusu za mchezo.

Sasa jipime. Ni tarehe 28 Februari 2010, fainali ya Olimpiki, Vancouver. Kanada wenye mji wao wanaongoza Marekani mbili kwa moja, dakika zinayoyoma. Marekani wanamtoa kipa wao, Ryan Miller. Zikiwa zimebaki sekunde 24, Zach Parise anasukumia wavuni paki iliyorudi kutoka kwa kipa wa Kanada. Mbili kwa mbili. Muda wa nyongeza. Kwenye dakika ya nane, Jarome Iginla anabanwa kwenye ukuta wa kona. Crosby, yule yule, anampigia kelele ampe. Iginla, ambaye baba yake anatoka Nigeria, anaitoa paki huku anaanguka. Crosby hasubiri hata kuinua kichwa. Anapiga haraka, chini. Tobo. Kanada tatu, Marekani mbili, dhahabu.

Kama umeisoma aya hiyo bila kukwama, tayari wewe ni mtazamaji. Mwanzo wa makala hii ungepita juu yake ukisema "nimeshika" kama mimi. Itafute video yake, na safari hii usiifuate paki tu. Mwangalie Iginla.

Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza nilikaa kwenye meza ya serikali ya wanafunzi. Nilikuwa na karatasi moja niliyoiandika kwa mkono, ina maneno kumi na mawili: sapu, speshali, keri, kudisko, bumu, na mengine ya namna hiyo, kila moja na maana yake, na tarehe ya mwisho kama ipo. Binti mmoja aliisoma yote akarudisha. Nikamuuliza kama ameelewa. Akasema ndiyo, haraka mno.

Nikavuta kiti cha pili, nikamwambia akae, tuanze neno la kwanza.